Taa Nyekundu Niliyoamuru Izimwe

Anayewajibika kwa giza la mke wangu ni fundi umeme wa magari mwenye banda nyuma ya soko la Kibondo. Aliitoa balbu moja ndogo kwenye dashibodi ya gari letu huku akijua kazi yake, kisha akanyamaza kila niliporudi kwake kuuliza kwa nini gari halichaji. Anayewajibika pamoja naye ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeamuru balbu ile izimwe. Nayaweka haya mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mkosaji mahali pengine, kama nilivyoupoteza mimi kwa miezi mingi, nikimtafuta kwenye betri, kwenye mkanda wa feni, kwenye alteneta, na hata kwenye baridi ya milima yetu.

Nilistaafu utumishi wa umma nikiwa mkuu wa masjala katika ofisi ya wilaya. Masjala ni chumba cha majalada. Barua ikiingia inapokelewa, inapewa namba, inawekwa katika jalada lake, na jalada linapelekwa kwa afisa mhusika. Afisa akimaliza, huandika pembeni kwamba jambo limeshughulikiwa, akaweka saini na tarehe. Jalada lenye neno hilo hurudi rafuni na halimsumbui mtu tena. Kwa miaka yote ya kazi yangu nililiheshimu neno hilo, na sikumbuki hata siku moja kufungua jalada la namna hiyo ili nione kama kweli lililoandikwa ndilo lililofanyika. Haikuwa kazi ya masjala.

Gari nililinunua baada ya kustaafu, kwa sababu moja tu: macho ya mke wangu. Ni gari dogo la zamani, lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Mke wangu, mzaliwa wa Munanila, mwalimu wa darasa la kwanza hadi alipostaafu, alikuwa amepatwa na ugonjwa ambao wauguzi wetu huuita presha ya macho. Jicho la kushoto lilizimika polepole, bila maumivu, naye akadhani ni moshi wa jikoni. Tulipofika hospitali huko Kasulu tuliambiwa la kushoto limekwisha, na la kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Alipewa dawa ya matone ya kila siku. Tuliambiwa pia kwamba timu ya madaktari wa macho huja Kasulu mara chache kutoka mbali, na kwamba jicho lile lisipopasuliwa kwa wakati, bomba litazidi kuwa jembamba mpaka lizibe. Jicho hilo moja ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Naomba msomaji alikumbuke wakati wote nitakapokuwa nikizungumzia nyaya.

Nililifungulia gari daftari la safari, lenye jalada gumu la bluu, kwa mtindo ule ule wa magari ya serikali: kilomita za kuanzia, kilomita za kumalizia, madhumuni ya safari, hali ya gari, saini ya dereva. Fundi akigusa chochote, naye alitia saini. Niliendesha pia kwa mtindo wa serikali, yaani pole, upande wangu, bila kulingurumisha gari ovyo. Bodaboda wa Kibondo walikuwa wakinipita huku wakinipungia mkono kana kwamba nimesimama.

Mke wangu alikaa kiti cha mbele, kushoto kwangu. Kwa kuwa jicho lililobaki lilikuwa la kulia, lilielekea dashibodi moja kwa moja. Yeye ndiye aliyeiona taa kwanza. Tulikuwa tunatoka Murungu kuzika.

"Kuna kitu chekundu kinawaka hapo chini ya usukani," alisema.

"Ni taa ya betri."

"Inasemaje?"

"Inasema kuna tatizo la chaji. Kesho nitampelekea fundi."

"Basi mwambie fundi asikawie. Mimi nimebakiwa na vitu vichache vya kuona, na hicho kimekuwa kimoja."

Nilikwenda kesho yake. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono myepesi na maneno machache, Muha wa hapa hapa. Aliifungua alteneta, kile kifaa kinachoichaji betri injini ikizunguka, akaniambia kaboni zake zimelika, akaweka nyingine. Taa ikafifia lakini haikuzimika. Ilibaki ikiwaka kwa mbali, kama kaa lililofunikwa majivu. Fundi alitaka nimwachie gari siku mbili afuate waya mmoja mmoja, kwani alidhani mahali fulani pameshika kutu. Nilikataa. Nilikuwa na safari ya kliniki, na tangu siku ya Murungu mke wangu alikuwa akiitazama taa ile badala ya kutazama njia, akinitaarifu kila baada ya kilima: bado inawaka, bado inawaka.

"Gari linachaji au halichaji?" nilimuuliza fundi.

"Linachaji, mzee. Hafifu kidogo, ila linachaji."

"Basi hiyo taa sitaki kuiona kesho. Inamtia mke wangu wasiwasi."

"Niizime?"

"Izime."

Akaingia chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje. Hakukaa muda mrefu. Alipotoka, nilifungua ufunguo, nikaona taa nyingine zote zimewaka isipokuwa ile. Niliridhika. Nikaandika kwenye daftari, kwa mkono wangu: Taa ya onyo la betri imeshughulikiwa. Nikatia saini yangu, nikampa kalamu, naye akatia yake.

Asubuhi iliyofuata tulipoanza safari, mke wangu aliinamia dashibodi.

"Ile nyekundu imekwenda wapi?"

"Imepona."

"Hata ulipofungua ufunguo haikuwaka. Zamani zilikuwa zinawaka zote pamoja, halafu gari likiwaka zinazimika pamoja. Leo yeye hakuja kabisa."

"Ndiyo maana ya kupona."

Akacheka kicheko chake cha darasani, cha mwalimu aliyeona kosa na anangoja mwanafunzi alione mwenyewe. "Bwana Masjala," alisema, "kwako mgonjwa akinyamaza umeshamwandika amepona."

Maneno hayo sikuyaandika. Daftari langu halikuwa na safu ya maoni ya abiria.

Wiki chache baadaye gari lilikataa kuwaka. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Fundi aliiweka kwenye chaji, akairudisha, akawasha gari, akakanyaga mafuta mpaka injini ikapiga kelele soko zima, akaweka mita kwenye betri. Sindano ikapanda. "Unaona mwenyewe, mzee. Linachaji." Niliona. Niliandika. Nilirudi nyumbani pole pole, na baada ya siku nne betri ikafa tena.

Nilirudi kwake mara nne zaidi, na kila mara kuna ukurasa wenye saini yake. Mara ya kwanza tulibadilisha betri. Mara ya pili mkanda wa feni. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe Kasulu kutafuta alteneta kwenye duka la vipuri la mzee mmoja Mwislamu ambaye jamaa zake wako pwani, mtu wa adabu sana, aliyenifungia kifaa kwenye gazeti na kuniambia, "Hii nzima, mzee mwenzangu, tumeijaribu mbele ya macho yako, na ikikusumbua nirudishie." Haikunisumbua zaidi ya ile ya kwanza. Mara ya nne fundi alisafisha vichwa vya betri kwa brashi ya chuma na kusema pengine ni baridi. Kila mara alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, sindano ikapanda. Kila mara nilirudi nyumbani kwa mwendo wangu, na gari likafa.

Nilijifunza kuliegesha kwenye mteremko ili liweze kushtuliwa kwa kusukumwa. Majirani walikuja kusukuma bila kuitwa, lakini hawakusukuma kimya; salamu yao ya asubuhi ya Kiha ilikuja na utani.

"Mwakeye, mkuu. Leo tena tunasukuma serikali?"

"Msimseme mzee. Serikali haisukumwi, inasubiriwa."

Mke wangu, ndani ya gari, alicheka nao. Mimi niliandika: Gari limewashwa kwa msaada.

Kisha ikaja taarifa kutoka hospitali. Timu ya macho ingekuwa Kasulu siku tatu, na mke wangu alipangiwa siku ya tatu, asubuhi, upasuaji wa jicho la kulia. Aje na mtu wa kumsindikiza na kuweka saini. Nilipeleka gari kwa fundi siku moja kabla. Akakanyaga mafuta. Sindano ikapanda. Akatia saini.

"Twende na basi," mke wangu alisema jioni ile, akifunga kanga zake kwenye mfuko. "Gari lako lina siri."

"Gari limekaguliwa leo."

"Na nani? Na yule yule?"

"Limekaguliwa na limeandikwa."

Alifunga mfuko. Nilidhani amekubali.

Tulitoka Kibondo kulipopambazuka, na mvua ilikuwa imetutangulia. Wanaoijua barabara ile wanajua mvua ya kule juu inavyoshuka: haimwagiki, inakaa barabarani pamoja na ukungu, mpaka dereva anaona kipande kidogo tu cha lami mbele ya gari. Niliwasha taa kubwa, nikawasha waipa, nikawasha feni ya kukausha kioo. Niliendesha pole kuliko siku zote, kama sheria inavyotaka na kama akili inavyotaka. Nilijisifu moyoni kwa uangalifu huo. Leo najua kwamba kila kilomita niliyokwenda kwa uangalifu ilikuwa inainyonya betri, na hapakuwa na kitu kinachoirudishia.

Kabla ya kufika Makere waipa zilianza kuchoka. Zilikuwa zikienda na kusita, zikienda na kusita. Taa zikageuka rangi ya chai. Mke wangu aliuliza kama tumeingia msituni, kwa maana kumekuwa giza. Nilimwambia hapana. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima, na gari likajisukuma lenyewe kidogo hadi kando ya barabara, likasimama. Dashibodi ilikuwa kimya. Hakuna kilichowaka kutuonya, kwa sababu kile cha kutuonya nilikuwa nimekizima.

Baada ya muda likaja basi la kwenda Kasulu. Nilipunga mkono, likasimama. Kondakta alichungulia mlangoni akiwa amejifunika nailoni kichwani.

"Mzee, limekufa?"

"Limezima."

"Kuna nafasi moja tu, ya kubanana. Mama aingie, wewe utafuata."

Mke wangu alikuwa ameshafungua mlango. Mguu mmoja ulikuwa nje, kwenye maji.

"Subiri," nilimwambia.

"Nisubiri nini? Nitashuka stendi, nitaomba mtu anishike mkono mpaka hospitali. Watu hawajaisha duniani."

"Mgonjwa anatakiwa kwenda na msindikizaji. Imeandikwa. Nani ataweka saini?"

"Nitaweka mimi. Mkono haujapofuka."

"Na mimi siwezi kuacha gari barabarani. Dereva haachi gari."

"Mzee wangu, tunanyeshewa humu," kondakta alisema. Hakusema kwa ukali. "Mama anaingia au haingii?"

Nilisema haingii. Nilisema fundi wa karibu ataletwa sasa hivi na betri, na tutafika pamoja, kwa utaratibu. Kondakta alimtazama mke wangu, si mimi, akangoja kidogo kuliko alivyolazimika kungoja. Kisha akagonga bati la basi kwa kiganja, likaondoka. Mke wangu aliurudisha mguu ndani na kufunga mlango. Maji ya mguu wake yalitiririka kwenye zulia la gari.

Mwendesha pikipiki alitupatia betri ya kuazima kutoka Makere, lakini alikawia, na ilipofungwa tuliingia Kasulu saa tisa alasiri. Nje ya jengo la macho wahudumu walikuwa wakipakia masanduku kwenye gari la timu. Muuguzi mmoja alitufahamu.

"Baba, mama aliitwa mara mbili," alisema. "Saa nne, na tena saa sita. Daktari alisubiri."

"Tulipata hitilafu ya gari," nilisema, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia jinsi maneno ya aina hiyo yanavyosikika upande wa pili wa meza.

"Pole. Tutamwandika awamu ijayo."

Akamwandika. Nilitazama jinsi alivyoandika: jina, umri, jicho la kulia, hakufika. Mke wangu alikuwa mbele yake, ameshika mkono wangu, na kanga zake mfukoni. Lakini rekodi ilikuwa sahihi.

Tulilala kwa mdogo wake mke wangu, hapo hapo Kasulu. Asubuhi nilipeleka gari kwenye gereji iliyo njia ya kutokea mjini. Mke wangu alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake cha mbele, mikono mapajani. Aliyetupokea alikuwa fundi mzee kutoka Kongo, mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa mazoea nilimuuliza kama ana kibali cha kuwa nje ya kambi. Alikitoa mfukoni, kimefungwa ndani ya plastiki, akanionyesha bila kinyongo, kisha akanirudishia swali.

"Papa, masini inakufa sasa tangu wakati gani?"

Nilimfungulia daftari. Nilimsomea betri, mkanda, alteneta, vichwa vya betri, pamoja na kilomita za kila tukio. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipomaliza alisema, "Umeandika muzuri sana." Kisha akaliwasha gari kwa betri yake na kuliacha likinong'ona, bila kugusa mafuta. Akaweka mita. Sindano haikupanda. Akangoja. Haikupanda. Ndipo akakanyaga mafuta kwa nguvu, injini ikalia, na sindano ikaruka juu.

"Unaona," nilisema, "linachaji."

"Ukikimbiza, inachaji. Ukienda pole, haichaji. Wewe, papa, unakimbizaka?"

"Sijawahi."

"Ndiyo." Alifuta mikono. "Na lampe ya batri, ile nyekundu, ukifungua ufunguo inawaka?"

Nilifungua kinywa nimjibu kwamba taa ile ni salama na haijawahi kuwaka tangu itengenezwe. Sauti iliyojibu haikuwa yangu.

"Haiwaki," mke wangu alisema kutoka kitini, bila kugeuza uso. "Nilimwambia tangu mavuno ya maharage. Akaniambia imepona."

Yule mzee hakucheka, wala hakunitazama. Alilala chali chini ya dashibodi, akaivuta, akanionyesha mahali pa balbu. Palikuwa patupu, na pamezibwa kwa kipande cha utepe mweusi kilichokatwa vizuri. Akaenda kwenye gari bovu lililokuwa uani, akachomoa balbu, akaipachika kwetu baada ya kukwangua kutu kwenye waya. Nilifungua ufunguo. Taa nyekundu ikawaka pamoja na wenzake. Niliwasha gari. Taa ikazimika, na sindano, gari likinong'ona vile vile, ikapanda taratibu na kukaa mahali pake.

"Hii lampe haiko ya kukuogopesha tu," aliniambia. "Ule umeme mudogo unapita ndani yake ndiyo unaamushaka alternatere asubuhi. Ukitoa lampe, inalala. Ukipiga kelele sana, inashtuka yenyewe. Lakini mutu anaenda pole, itamuamusha nani?"

Kisha akauliza, kwa upole, "Ni nani aliitoaka?"

Mke wangu alingoja nijibu. Nilisema ni fundi wa Kibondo. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa lote.

Niliporudi Kibondo nilikwenda bandani na daftari kwapani. Fundi alinipa shikamoo na kiti. Sikukaa.

"Uliitoa balbu," nilisema.

"Niliitoa, mzee."

"Ulijua kwamba bila balbu ile alteneta haiamki?"

"Nilijua inaweza kusumbua. Nikasema ikisumbua atarudi."

"Nilirudi mara sita. Saini zako ziko hapa."

"Ulirudi, ukauliza betri. Ukauliza mkanda. Ukaniletea alteneta mkononi, ukasema funga hii. Taa hukuiuliza."

"Na wewe hukuweza kusema?"

"Niseme nini, mzee wangu? Ulikuja na daftari, ukasema izime, ukaandika, nikasaini. Nani hapa Kibondo anabishana na mtu mwenye daftari? Mimi baba yangu alikaa siku nzima kwenye benchi la ofisini kwenu kwa kubishana na karani. Nilikuwa naye."

Nilifungua ukurasa ili nimwonyeshe kosa lake. Saini zilikuwa mbili, yake chini ya yangu, na juu yake neno lile, kwa mwandiko wangu mzuri. Niliusoma mstari ule mara kadhaa. Haukusema balbu imetolewa. Haukusema waya una kutu. Haukusema fundi aliomba siku mbili akanyimwa. Ulisema tu kwamba jambo limekwisha, na mtu yeyote ambaye angeufungua, hata mimi, angelirudisha daftari rafuni.

Niliondoka. Si kwa sababu alinishinda. Mtu anayejua sababu ya hitilafu na kuinyamazia mara sita, mbele ya mgonjwa anayepita kila mara akiwa kiti cha mbele, hawezi kujificha nyuma ya benchi la baba yake. Niliondoka kwa sababu nilikuwa sina karatasi iliyo safi ya kumshitaki.

Awamu iliyofuata ya madaktari ilikuja baada ya masika, baada ya mavuno, wakati vumbi jekundu limeshafunika migomba ya kandokando ya barabara. Gari halikutusumbua. Tulifika hospitali kabla ya mlango kufunguliwa, na mke wangu aliitwa wa kwanza. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Daktari, kijana mpole, alichukua tochi yake ndogo, akaiwasha, akaielekeza kwenye jicho la kulia, karibu sana.

Mke wangu alikaa wima, kidevu juu, kama alivyowafundisha watoto kukaa. Alingoja. Kisha akauliza:

"Umeshawasha, daktari?"

Daktari alinitazama mimi. Akaizima tochi, akairudisha mfukoni, akavuta kiti chake karibu naye kabla ya kuanza kusema. Mke wangu alikuwa ameshaelewa. Alinitafuta mkono hewani, akaupata, akaupiga kofi jepesi mara moja, kama mtu anayefunga jambo.

Sasa anachambua maharage kwa vidole. Mawe anayajua kwa uzito, yaliyotobolewa na wadudu anayajua kwa ncha ya kucha. Hajawahi kunilaumu kwa neno. Tukipanda gari, ananiuliza mambo mawili tu. Nikifungua ufunguo: "Imewaka?" Namjibu imewaka. Nikiwasha injini: "Imezima?" Namjibu imezima. Ndipo anafunga mkanda. Kila mara napenda aulize jambo la tatu, na hajauliza: ni kwa nini nilimzuia mguu wake usipande basi. Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wake, kilomita zake, kwa sababu hakuna wa kulisaini isipokuwa mimi.

Jalada hili nililifunga siku ile bandani, kwa neno langu mwenyewe, nami nalifungua upya. Hivyo basi, kwa maandishi haya, ninamtaka fundi umeme wa magari mwenye banda nyuma ya soko la Kibondo afike nyumbani kwetu, mchana, siku yoyote ya juma atakayoichagua mwenyewe, aketi mbele ya mke wangu na kumweleza kwa kinywa chake: kwamba aliitoa balbu, kwamba alijua kazi yake, na kwa nini alinyamaza mara sita. Ninamtaka pia mkuu wa masjala mstaafu, yaani mimi, aketi kando yake siku hiyo hiyo, kwenye kiti cha kimo kile kile, bila daftari mkononi, na aeleze: kwamba aliamuru taa izimwe, kwamba alinyima siku mbili za kutafuta kosa, kwamba aliambiwa na mwenye jicho akapuuza, na kwamba alimzuia asipande basi. Maelezo yatolewe kwa sauti, kwa kuwa anayestahili kupewa hayo hawezi tena kuyasoma. Ataamua yeye, na hakuna atakayekata rufaa. Mpaka atakapotamka mwenyewe kwamba ameridhika, mtu yeyote asithubutu, kwa kalamu au kwa mdomo, kusema kwamba jambo hili limeshughulikiwa.